Nilichomwambia Babako Kuhusu Picha Zake

Mpendae,
Unguja.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Riyama,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, wewe na shemeji Abdulhakim, pamoja na huyo Mudrik ambaye nasikia meno yanamtoka, halali wala halazi mtu. Kifua chako je, kimepoa? Mwaka jana majira kama haya ulikuwa unakohoa mpaka simu tukaikata. Usiache kunywa kitu cha moto asubuhi, na usiogope kumwamsha mumeo ashike mtoto.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Kaskazi imekaza na joto halina mfano, feni inatupulizia moto tu. Mama anakusalimu sana. Kapata miwani mpya na bado anasema haoni, ila akipita mtu na gauni jipya analiona tangu yuko kule kwenye duka la mkaa. Ramadhani inakaribia na kina mama wa mtaani washaanza kuulizana bei za tambi.

Mimi mwenyewe nimechoka, Riyama. Si maradhi, goti ni lile lile unalolijua. Nimechoka na kusema. Siku hizi nikifunga studio najikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja, taa nishazizima, sitaki hata kujibu salamu.

Ujumbe wako wa sauti ulinifika mwezi wa kumi na moja, na nimechelewa sana kukujibu. Niliusikiliza wote, hata pale mwisho ulipokuwa unalia na maneno hayasikiki. Mara kadhaa nilianza kuandika nikaacha, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijesha, na sikutaka kujitetea kwako na babako bado amenikasirikia. Kukupigia simu nako sikutaka. Ningesema neno, mtandao ungelikata, ungepata nusu yake, na hiyo nusu ndiyo ingekukaa moyoni.

Uliniambia nimemwambia babako kuwa picha za marehemu mamako ni mbaya na zinatia aibu. Sikusema hivyo. Lakini nilisema kitu, na ni haki yako kukijua kama kilivyokuwa.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote nimepiga picha za maharusi upande wa wanawake, kule ambako mtu anavua baibui na kuachia nywele zake, na hakuna picha hata moja iliyotoka mkononi mwangu bila mwenyewe kuridhia. Wengine wamenirudia baada ya miaka wakaniambia, Shemsa, ile uliyonipiga na fulani ifute, nikaifuta mbele yao. Hilo ndilo watu wanalonijulia.

Sasa, kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana wapiga picha, ghorofani katika nyumba moja kongwe huko Shangani. Mwenye nyumba katupa chumba cha nyuma. Kila mtu analeta picha zake, zinatupwa ukutani kwa projekta, na mimi ndiye ninayetakiwa kusema. Kazi hiyo nilipewa kwa umri tu, hakuna jengine.

Usione ni kazi nyepesi. Mtu anasema, dada, niambie ukweli, na huku macho yake yanaomba umwambie mashaallah. Hapa kwetu tukishasema mashaallah tumemaliza. Kuna Ayoub, kijana wa mapokezi katika hoteli moja hapo mjini, ana jicho zuri sana, lakini kila wiki analeta wale vijana wanaoruka baharini Forodhani. Nikamwambia, "Ayoub, hawa nishawaona wakiruka mpaka nawajua kwa majina. Nani amekaa ukutani anawatazama? Mpige huyo." Akacheka, akasema ahsante sana Bi Shemsa, nimekuelewa. Jumamosi iliyofuata akaleta vijana wanaruka. Na simu yangu haipumui: vipi hii, vipi hii, hii je. Picha za chakula, picha za paka, picha za bibi harusi aliyekatwa miguu.

Nina taratibu yangu. Kwanza naitazama picha kimya. Kisha namuuliza mwenyewe, umempigia nani hii? Wengi wanashangaa, hawajawahi kujiuliza. Halafu namwambia kilichosimama vizuri, kisha kitu kimoja tu cha kurekebisha. Ukimtajia vitano anarudi nyumbani kamera anaitia kabatini.

Babako alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Hitma ya mamako ilikuwa ishapita siku nyingi. Alipanda zile ngazi taratibu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na kadi ya kamera uliyompelekea ameifunga ndani ya leso. Nikamwamkia, shikamoo Ami, maana ndugu wa baba ni baba, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa mbele kabisa. Tulikuwa tunajitayarisha kwa maonyesho ya mwezi wa kwanza, na yeye alikuwa keshasikia. Akasema, "Nimekuja na picha za Mize. Nataka zitundikwe zote."

Nikafurahi, nisikufiche. Nilijua alikuwa akimpiga picha mamako wakati wa maradhi, maana tukienda Uroa kumtazama tulikuwa tunamkuta na kamera shingoni. Nilidhani ni za barazani, za kupunga upepo.

Ayoub akaitia kadi kwenye kompyuta. Ya kwanza ikatokea ukutani, Riyama, kubwa kama mlango. Mamako amelala. Hana ushungi, nywele zimekatika zimebaki chache, mdomo uko wazi, na mpira wa dripu umepita juu ya shavu. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake siku ile. Ikaja ya pili, vile vile. Ayoub, maskini, akajikaza kusema, "Mashaallah mzee, picha zinazungumza." Ilipoingia ya tatu niliinuka nikaiziba projekta kwa kiganja changu. Uso wa mamako ukanikaa mkononi, mdogo.

Nikasema, "Ami, hizi niachie nikazitazame nyumbani kwa utulivu." Akanitazama sana. Akasema haya.

Nilizitazama studio, mlango nimeufunga kwa ndani, na sikuweza kuzimaliza kwa mara moja. Nilimpenda Bi Mize, unajua. Yeye ndiye aliyenikalisha chini siku za eda yangu akanisuka bila kuniuliza neno. Basi nikawa naangalia kama mpiga picha kidogo, kisha nashindwa, nafunga, naendelea na picha za pasipoti za watu.

Kama mpiga picha, nikwambie: nyingi zilikuwa zimeharibika. Dirisha liko nyuma yake, kwa hivyo uso umeingia giza. Zimepinda. Karibu zote zimepigwa kutoka mlangoni, umbali ule ule, kama mtu aliyeogopa kuingia chumbani. Lakini katikati yake kulikuwa na chache ambazo mimi, na miaka yangu yote, nisingeweza kuzipiga. Mikono yake inachambua mwani juu ya turubai, siku alizokuwa bado anajiweza. Mgongo wake barazani asubuhi, amejitanda kanga, anatazama njia ya pwani.

Nikaenda Uroa. Sikutaka kumwambia mbele ya watu, na kwenye simu hayasemeki. Tulikaa ukumbini, akanitilia chai mwenyewe, sukari nyingi kama alivyokuwa akitia mamako. Nikaanza na ile ya mwani. Nikamwambia nuru yake inavyoangukia vidole, na namna alivyoacha uso nje ya picha na bado kila mtu wa Uroa atajua ni nani. Akatabasamu. Ya mgongo nayo nikaisifu, na sikuwa ninamrairai.

Kisha nikasema, "Hizi za kitandani, Ami, umempigia nani?"

Akanitilia tena chai na kikombe changu bado kimejaa.

"Nauliza kwa sababu za kutundika ukutani si hizi."

"Zina kasoro gani?"

Nikataka kumtajia dirisha na giza. Ingekuwa rahisi, na angekubali. Lakini ningemdanganya. Nikamwambia, "Bi Mize hakuulizwa. Amelala, hana ushungi, na watakaopita pale ni watu wa kila namna, na wageni, kila mtu na simu yake mkononi. Yeye hawezi tena kuniambia nifute."

Uso ukambadilika. "Kwa hiyo mke wangu hafai kutazamwa."

"Sikusema hivyo, Ami."

"Umesema. Wewe umezoea kupiga watu wakicheka, wamepambwa. Wakiwa hawana raha huwajui."

Nilikuwa na ya kujibu, maana na mimi nimemuuguza mume nikamzika, na yeye analijua hilo. Nikamaliza chai yangu. Akaniomba kadi yake, nikampa, akaifunga tena kwenye leso. Akanisindikiza mpaka njiani, kwa adabu zake zile zile.

Jioni ile ile, nadhani, ndipo alipokupigia wewe. Simlaumu. Mtu aliyeumia anasema kile kilichomuuma, na mimi kama ningekuwa binti yake, niko mbali, sikumzika mamangu, ningetoa maneno makali kuliko yako.

Baada ya hapo Jumamosi zikawa nzito. Nilikuwa naingia chumba kile watu wanapunguza sauti. Mmoja alisema, nikasikia, kwamba kumbe na Bi Shemsa naye huvunja watu. Nikaendelea kusema ya kusema kuhusu picha za bahari na za milango, na nikirudi nyumbani najiuliza kwa nini sikukubali tu, zikatundikwa, watu wakasema mashaallah, tukaenda zetu.

Mamako mdogo Mwanaasha alikuja kunitazama mara moja. Mimi sikumwambia kitu, babako ndiye aliyemwonyesha picha, akitaka, nadhani, amuunge mkono. Mwanaasha akaniambia alizitazama mpaka mwisho, akalia, kisha akamwambia, "Shemeji, dada yangu akisikia hodi alikuwa haitikii mpaka kwanza aulize ushungi wake uko wapi. Hata siku za mwisho, sauti haitoki, anapapasa kichwani." Babako akainuka. Alikwenda zake msikitini na alasiri ilikuwa bado.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, nimejaa wateja, nikamwona ameingia studio. Akakaa kwenye benchi pamoja na waliokuwa wanasubiri pasipoti. Nikataka kumpisha mbele, akakataa kwa mkono. Akangoja mpaka wa mwisho akatoka. Nikamwamkia, akaitikia, akakohoa.

"Uliniuliza nimempigia nani."

"Naam, Ami."

"Riyama."

Nikavuta kiti.

Akaniambia kuwa madaktari walipokukataza kupanda ndege kwa ajili ya ile mimba, na ukawa unalia kwenye simu kila siku, alijiapia kuwa hutakosa kumwona mamako hata siku moja. Basi kila siku akampiga. Kila siku akataka kukutumia, na kila akiitazama picha anakuona wewe kule, tumbo lako liko hatarini, umeishika simu peke yako jikoni. Akawa hatumi. Akasema kesho, labda kesho ataamka na uso mzuri zaidi. Mpaka siku zikakatika.

Nikamuuliza kwa nini basi alitaka zitundikwe.

Akasema, "Riyama aliniahidi atakuja mwezi wa kwanza. Nikaona zikiwa ukutani, atazitazama akiwa na watu pembeni yake. Nyumbani tungekuwa mimi na yeye tu, na mimi nisingeweza kumshika."

Nilikuwa nimezisoma picha zile zote kwa jicho la kazi, nikaona hofu ya mtu aliyesimama mlangoni. Kumbe alikuwa anasimama pale, aliniambia, kwa kuwa kutokea mlangoni alikuwa anaona kifua kinapanda na kushuka, na kwa kamera aliweza kutazama kwa muda mrefu bila macho yake kujaa.

Halafu ukampigia kumwambia likizo haikupatikana. Hilo unalijua mwenyewe, na hakuna aliyekulaumu.

Tukakaa tukachagua pamoja, siku kadhaa, akija kwangu asubuhi. Nilimwonyesha namna ya kuikata picha ya mwani ili ile ndoo ya buluu itoke. Akabisha, akasema ndoo ni ya Mize, hata yeye alikuwa haruhusiwi kuigusa. Ikabaki. Mgongo wa barazani ukaingia bila ubishi. Kisha akanitolea moja ambayo mimi niliiruka tangu mwanzo, kwa sababu imetikisika vibaya sana, uso una mistari kama umeoshwa na maji. Mamako amekaa kitandani, kajifunga ushungi, mkono ameunyoosha kuelekea kamera.

"Hii haiwezi, Ami. Haikutulia hata kidogo."

"Haikutulia kwa sababu nilikuwa nacheka," akasema. "Aliniuliza, hii unaipeleka wapi? Nikamwambia Maskati. Akasema basi ngoja nijitengeneze, mwanangu asije akaniona kama mzuka. Nikacheka, na yeye akacheka, ndio ikatoka hivyo."

Nilikuwa na maneno yangu kuhusu kasi ya kamera na kuegemeza kiwiko. Nikayameza. Hapa Bi Mize aliulizwa, akakubali, akajitengeneza. Nikamwambia hiyo ndiyo ya katikati, na nikaisafisha kubwa kuliko zote.

Maonyesho yalikuwa mwisho wa mwezi wa kwanza. Wanawake wa Uroa walikodi gari wakaja, Mwanaasha mbele. Alisimama kwenye picha ya mwani akaonyesha kidole kimoja bila kukigusa, akamwambia mwenzake, "Hiki kilikatwa na kamba mwaka ule wa mawimbi." Watu walipita pita wakatazama na za wengine, lakini nilikuwa nimekaa pembeni na goti langu, nikaona kila mtu akifika kwenye ile iliyotikisika anasimama, na wengi wanatabasamu kabla hawajajua kwa nini. Yangu mimi ilikuwa karibu na mlango. Waliitundikia mikoba.

Babako alikaa kwenye kiti mpaka magharibi. Watu walimpa mkono. Mgeni mmoja akamuuliza mbona haikutulia, na babako akamweleza yote kwa Kiswahili tupu, mgeni haelewi, anaitikia kwa kichwa. Tulipofunga akaniambia, "Ile siku ya Uroa nilikusemea vibaya." Nikamwambia nishasahau, Ami, ingawa sijasahau, na yeye anajua.

Kisha akaniomba nikwambie wewe. Alisema kwenye simu hataweza, sauti itamkatika na wewe utaogopa. Ndio maana naandika.

Barua hii anakuletea Badria wa hapa mtaani, anasafiri Alkhamisi kuja kwa mwanawe. Pamoja nayo kuna bahasha ya kaki nimeifunga kwa gundi. Ndani yake mna zile za kitandani. Nimezisafisha mwenyewe, studio nimeifunga, hakuna mkono mwengine uliozishika. Kwenye kompyuta yangu nimezifuta zote, kadi iko kwa babako. Ni zako. Unaweza kuifungua leo, au Mudrik akishakua, au usiifungue kabisa, na hakuna atakayekuuliza. Ila ukiifungua, shemeji Abdulhakim awe amekaa karibu nawe. Hilo babako amelitaka kwa mdomo wake.

Na naomba usiniulize mimi ipi nzuri ipi mbaya. Hizo sina la kusema.

Nimezipanga kama zilivyopigwa. Ya mwisho, iliyo chini kabisa, imepinda sana na ina giza, na utadhani imepigwa kwa bahati mbaya. Itie kwenye nuru uitazame vizuri, pale pembeni. Babako ilimbidi ashike kamera kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwengine mamako alikuwa ameushika.

Nisalimie sana shemeji Abdulhakim, na mamake, na wote wa hapo nyumbani. Mbusu Mudrik kwenye mashavu yote mawili. Huku anakusalimu mama, Mwanaasha, na babako, ambaye juzi kaniletea picha ya kuku ananiuliza vipi. Mwenyezi Mungu amrehemu mamako, ampanulie kaburi lake, akulinde wewe na ugeni, na atufikishe sote Ramadhani tukiwa wazima na nyoyo zimetulia. Ukiweza, nipigie. Ukiwa bado hujaweza, nitangoja.

Ndimi dadako nikupendaye, hata siku unazoninunia,

Shemsa